Jina Juu ya Jalada: Kamusi, Tasnifu na Hesabu ya Mafanikio katika TUKI na TATAKI

Ikisiri

Makala hii inafuatilia mafanikio ya kitaaluma ya taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuanzia Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 hadi kuundwa kwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI) mwaka 2009. Suala linaloongoza uchunguzi ni hili: kila kazi kubwa ilitolewa kwa jina la nani, na jina hilo lilibadilisha vipi namna kazi ilivyofanywa na kukumbukwa? Inajadiliwa kwamba taasisi hii imekuwa na namna mbili za mafanikio: kazi ya pamoja isiyo na mwandishi mmoja, ambayo kilele chake ni *Kamusi ya Kiswahili Sanifu*, na kazi yenye jina la mtu, ambayo msingi wake ni tasnifu, makala na vitabu vya uhakiki. Kuunganishwa kwa utafiti na ufundishaji mwaka 2009 kulizileta namna hizo mbili chini ya paa moja. Hitimisho la makala ni kwamba hatima ya kamusi inategemea kama taasisi itapata njia ya kuihesabu kazi ya pamoja.

1.0 Utangulizi

Tangu UNESCO ilipoitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, mnamo Novemba 2021, taasisi zinazoshughulikia lugha hii zimepata siku ya kila mwaka ya kueleza zilichokifanya. Orodha zinazotolewa katika siku za namna hiyo hufanana: vitabu vilivyochapishwa, wanafunzi waliohitimu, walimu waliopandishwa vyeo, mikutano iliyofanyika. Orodha kama hizo ni za lazima, lakini zina kasoro moja ya kihistoria. Huweka pamoja vitu visivyopimika kwa kipimo kimoja. Makala ya kurasa kumi na tano na kamusi iliyowachukua watu wengi miaka mingi huandikwa kila moja katika mstari wake, kana kwamba zimelingana.

Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI), ambayo leo ni sehemu ya TATAKI, ni mahali panapofaa kuchunguzia jambo hili. Ni taasisi yenye historia ndefu, na tangu mwanzo kazi zake zimewahitaji wataalamu wa nyanja mbalimbali: wanaisimu, wahakiki wa fasihi, wafasiri, walimu wa sayansi, na baadaye wataalamu wa kompyuta. Zaidi ya hayo, ni taasisi ambayo jina lake limekuwa mwandishi. Mwanafunzi wa sekondari na profesa wa isimu wote huandika "TUKI (1981)" kama wanavyoandika jina la mtu. Kwa nini ikawa hivyo, na kuna gharama gani, ndiyo maudhui ya sehemu zinazofuata.

2.0 Kamati iliyosahauliwa na katibu aliyekumbukwa

Chimbuko la taasisi ni maamuzi ya utawala wa kikoloni. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, badala ya Kimvita kilichokuwa na hazina kubwa ya ushairi. Tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ya nchi za Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar ilianza kazi, na Frederick Johnson akawa katibu wake wa kwanza. Majukumu yake yalikuwa kusawazisha tahajia, kupitia na kuidhinisha vitabu vya shule, na kutayarisha kamusi. Katika miaka yake ya mwanzo Kamati haikuwa na mjumbe Mwafrika. Lugha ilisanifiwa na watu ambao wengi wao walijifunza ukubwani, na wenye lugha wakashirikishwa kama watoa habari.

Matokeo makubwa ya kipindi hicho ni kamusi mbili za mwaka 1939, moja ya Kiswahili–Kiingereza na nyingine ya Kiingereza–Kiswahili. Kamusi ya Kiswahili–Kiingereza ilijengwa juu ya ile ya A. C. Madan, iliyotoka mwaka 1903. Johnson mwenyewe alifariki mwaka 1937, kabla kazi haijachapishwa. Ukurasa wa jina wa kamusi hiyo unaitaja Kamati kuwa ndiyo mtungaji, na kumtaja marehemu Johnson kuwa msimamizi. Hata hivyo wasomaji hawakuisoma hivyo. Kwa vizazi kadhaa kitabu kiliitwa "kamusi ya Johnson", na katika makala nyingi za kitaaluma bado kinarejelewa kwa jina lake.

Hapa kuna funzo la kwanza. Kamati iliandika jina lake juu ya kazi, lakini kumbukumbu ya wasomaji ikamtafuta mtu. Wajumbe wengine, makarani walionakili, na juu ya yote wasemaji wa Kiswahili ambao maarifa yao ndiyo yaliyojaza kurasa, walitoweka nyuma ya jina moja. Baadaye milango ya Kamati ilifunguliwa kwa Waafrika, na Shaaban Robert akawa miongoni mwa wajumbe wake. Lakini kamusi ya 1939 ilikuwa imekwisha kupata baba.

Kamati yenyewe haikutulia mahali pamoja. Ilihamia Nairobi mwaka 1942, kisha Makerere mwaka 1952, ikapita Mombasa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na hatimaye ikarudi Dar es Salaam ilikoanzia. Mwaka 1964 iliingizwa katika chuo kikuu kishiriki kilichokuwa kimeanzishwa mjini humo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza kujitegemea mwaka 1970, taasisi ikawa sehemu yake kamili. Katika kuhamahama huko kitu kimoja kiliendelea bila kukatika, nacho ni jarida. Lililoanza mwaka 1930 kama taarifa ya Kamati lilikuja kuitwa *Kiswahili* kuanzia mwaka 1970, na mwaka uliofuata likapata mwenzake, *Mulika*.

3.0 "TUKI" kama mwandishi

Kuingia chuo kikuu kulibadilisha aina ya watu waliofanya kazi. Chini ya uongozi wa George Mhina katika miaka ya 1970, uchunguzi wa Kiswahili ulikuwa mikononi mwa Watanzania waliosomea isimu na fasihi. Kazi kubwa iliyowakabili ilikuwa kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili. Johnson alikuwa ametoa kamusi ndogo ya namna hiyo mwaka 1935, lakini taifa lililokuwa limeifanya lugha hiyo kuwa ya shule za msingi, ya mahakama za mwanzo na ya siasa lilihitaji kitabu kikubwa zaidi ambacho maelezo yake yalitokana na matumizi ya wenye lugha.

Ugumu wa kazi hiyo hauonekani kwa anayefungua kitabu kilichokamilika. Neno moja kama *kaa* linatosha kuuonesha. Kuna *kaa* mnyama wa pwani, *kaa* la moto, na *kaa* kitenzi cha kuishi au kuketi. Mtunga kamusi hana budi kuamua kama haya ni maneno matatu yenye umbo moja au la, kila moja liwekwe katika ngeli gani, na *kaa* kitenzi kifuatane na minyambuliko yake *kalia*, *kalisha* na *kalika* ndani ya kidahizo kimoja au kila mnyambuliko ujitegemee. Uamuzi ukishafanywa kwa *kaa*, ni lazima ufuatwe kwa *piga*, *unga* na maelfu ya maneno mengine, la sivyo kamusi inajipinga yenyewe. Majina ya samaki kama *changu*, *nguru* na *kolekole* yanamhitaji mvuvi anayewajua na mtaalamu wa viumbe anayeweza kuwaainisha. Hakuna mtu mmoja mwenye maarifa yote hayo, na hata angekuwepo, umri wake usingetosha.

*Kamusi ya Kiswahili Sanifu* ilitoka mwaka 1981, miaka 42 baada ya kamusi ya Kamati. Jina lililowekwa juu ya jalada lilikuwa la taasisi. Safari hii wasomaji walilikubali. Hakuna aliyeiita kamusi ya fulani, na kifupisho "TUKI" kikaingia katika marejeleo kama jina la mwandishi. Kwa mtazamo wa historia ya taaluma, hili ni badiliko kubwa. Mamlaka ya kamusi yalihama kutoka kwa mtu kwenda kwa chombo. Mwalimu aliyebishana na mwenzake kuhusu tahajia hakusema "Johnson anasema". Alisema "TUKI wanasema". Wingi huo wa *wanasema* una maana: msemaji alijua kuwa nyuma ya herufi nne walikuwapo watu.

Mfumo huohuo ulitumika katika kazi zilizofuata. Mwaka 1990 zilitoka *Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha* na *Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia*. Hii ya pili isingewezekana bila wanaisimu na wanasayansi kukaa meza moja, kwani istilahi kama *usanisinuru* inapaswa kwanza kumridhisha mwanabiolojia kwamba dhana imeelezwa sawasawa, kisha kumridhisha mwanaisimu kwamba neno limeundwa kwa taratibu za lugha. Kamusi ya Kiingereza–Kiswahili ilitoka mwaka 1996, ikafuatwa na matoleo ya 2000 na 2006. Kamusi ya Kiswahili–Kiingereza ilitoka mwaka 2001, na *Kamusi ya Tiba* mwaka 2003.

Lakini mafanikio ya kamusi za istilahi yalikuwa na mpaka uliowekwa nje ya taasisi. Mwaka 1982 Tume ya Makweta ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia katika shule za sekondari mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Kamusi ya sayansi iliyotoka miaka mitano baada ya tarehe hiyo ilifika wakati madarasa iliyotungiwa yalikuwa bado yanafundishwa kwa Kiingereza. Watunzi wake hawakushindwa. Waliandaa chombo ambacho sera haikukipa kazi.

4.0 Kazi yenye mwenyewe

Sambamba na taasisi ya utafiti kulikuwa na Idara ya Kiswahili, ambayo kazi yake ilikuwa kufundisha. Idara hii ilifundisha kwa Kiswahili ndani ya chuo kikuu ambacho lugha yake ya masomo ilikuwa Kiingereza, na kwa njia hiyo ilithibitisha kwa vitendo jambo ambalo Tume ya Makweta ingelipendekeza baadaye kwa ngazi ya chini yake. Mafanikio ya idara yalikuwa ya aina nyingine. Yalikuwa ya watu wenye majina.

Euphrase Kezilahabi ni mfano mzuri. Alihitimu chuoni hapo mwaka 1970, na riwaya yake *Rosa Mistika* ikachapishwa mwaka 1971, ikifuatwa na diwani ya *Kichomi* mwaka 1974. Mwaka 1976 aliwasilisha tasnifu ya umahiri kuhusu Shaaban Robert kama mwandishi wa riwaya, na aliiandika kwa Kiswahili. Mwanafunzi huyo alikuwa kwa wakati mmoja mtunzi aliyezua mjadala na mchambuzi wa mtunzi aliyemtangulia. Mulokozi na Kahigi nao walitoa *Kunga za Ushairi na Diwani Yetu* mwaka 1979, kitabu kilichotetea mashairi yasiyofungwa na urari wa vina na mizani dhidi ya msimamo uliojengwa juu ya *Sheria za Kutunga Mashairi* ya Amri Abedi ya mwaka 1954.

Kazi kama hizi zisingeweza kutolewa kwa jina la taasisi. Mgogoro wa ushairi ulihitaji watu wa kujibu na wa kujibiwa. Chombo hakiwezi kudai kwamba shairi lisilo na vina ni shairi. Mtu anaweza, na akikosea anasahihishwa kwa jina lake. Hoja huhitaji mwenyewe, ilhali kamusi huhitaji wenyewe. Tofauti hiyo haitokani na ubinafsi wa wahakiki wala unyenyekevu wa wanaleksikografia, bali inatokana na asili ya kazi zenyewe.

Baada ya hapo mpaka kati ya namna hizo mbili ulianza kufifia. Mfululizo wa vitabu vya sarufi vya TUKI uliotoka kati ya 1999 na 2004, yaani *Sarufi Miundo ya Kiswahili Sanifu*, *Sarufi Maumbo ya Kiswahili Sanifu* na *Fonolojia ya Kiswahili Sanifu*, ulibeba majina ya waandishi: Massamba na Kihore katika vitabu vyote, Hokororo katika kimoja na Msanjila katika viwili. Ilikuwa kazi ya pamoja, lakini ya watu wanaohesabika. Mfano ulio wazi zaidi uko katika istilahi za isimu. Kamusi ya 1990 ilikuwa ya taasisi. *Kamusi ya Isimu na Falsafa ya Lugha* ya mwaka 2004, iliyochapishwa na TUKI hiyohiyo, ni ya Massamba peke yake. Katika miaka kumi na minne uwanja mmoja ulikuwa umetoka mikononi mwa jopo na kuingia mikononi mwa bingwa.

Yapo pia mafanikio yaliyokaa katikati, ambapo jina la mhariri linahifadhi sauti ya mwingine. *Tenzi Tatu za Kale* (1999) na *Barua za Shaaban Robert* (2002), zote zikiwa zimehaririwa na Mulokozi, ni za namna hiyo. Kabla yake J. W. T. Allen alikuwa amezunguka pwani akikusanya miswada ya Kiswahili na ya Kiarabu, na orodha yake ya hazina hiyo, iliyopo katika maktaba ya chuo, ilichapishwa mwaka 1970. Nyuma ya kila mswada kuna nyumba iliyoutunza na mara nyingi mwanamke au mzee aliyeujua kwa moyo. Orodha za mafanikio hazina safu ya kuwaandika hao.

5.0 Mwaka 2009 na baada yake

Kuundwa kwa TATAKI mwaka 2009 kuliunganisha TUKI na Idara ya Kiswahili. Kwa upande wa utawala lilikuwa jambo la kuondoa mwingiliano wa majukumu. Kwa upande wa taaluma lilikuwa zito zaidi, kwa sababu lilileta pamoja watu waliozoea kazi ya pamoja ya muda mrefu na watu waliozoea kazi yenye jina na muhula. Mtafiti aliyekuwa akishughulika na vidahizo sasa ana darasa, na mwalimu aliyekuwa akisahihisha insha sasa anahesabiwa kuwa mtafiti. Muhimu kuliko yote, mwanafunzi wa uzamili na wa uzamivu aliingia ndani ya nyumba ya utafiti, na tasnifu za Kiswahili kwa Kiswahili, ambazo zamani zilikuwa chache, zikawa jambo la kawaida.

Faida ya muungano huu ni dhahiri. Mwanafunzi anayechunguza msamiati wa wavuvi wa kijiji kimoja, majina ya mahali, au mabadiliko ya lahaja anafanya kazi ambayo taasisi haiwezi kuigharamia kwa kutuma watafiti kila mahali. Wanafunzi wenyewe, kupitia CHAWAKAMA, chama kinachowaunganisha wanafunzi wa Kiswahili wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, wamejenga uwanja wa kusomeana kazi zao unaovuka mipaka ya nchi, kama Kamati ya 1930 ilivyovuka, ila safari hii wenye lugha ndio wanaoongoza.

Hatari nayo iko palepale. Tasnifu ina mwandishi mmoja na tarehe ya kuwasilishwa. Ikishapita, maneno mapya yaliyokusanywa katika viambatisho vyake hubaki maktabani, kwa kuwa hakuna njia ya lazima inayoyapeleka kwenye kamusi. Mwalimu naye hupandishwa cheo kwa machapisho yanayoonesha mchango wake binafsi. Anayetumia mwaka mzima akirekebisha fasili za herufi *M* atakuwa ameitumikia lugha kuliko aliyeandika makala moja, lakini wa pili ndiye atakayekuwa na cha kuonesha.

Miaka yenyewe inaeleza uzito wa jambo hili. Kati ya toleo la kwanza la *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* na la pili, la 2004, ilipita miaka 23. Toleo la tatu lilitoka mwaka 2013, baada ya miaka tisa. Katika kipindi hichohicho taasisi iliacha kuwa mtunzi pekee wa kamusi kubwa za Kiswahili sanifu. Baraza la Kiswahili la Zanzibar lilitoa *Kamusi la Kiswahili Fasaha* mwaka 2010, na BAKITA likatoa *Kamusi Kuu ya Kiswahili* mwaka 2015. Yafaa kuzingatiwa kwamba kazi hizi mbili nazo zilitolewa kwa jina la chombo. Kanuni iliyowekwa mwaka 1981 imepata wafuasi, hata pale inapompatia mwanzilishi wake washindani.

Teknolojia imeongeza swali hilo badala ya kulijibu. Katika mradi wa pamoja na Chuo Kikuu cha Helsinki, kati ya 1988 na 1992, lahaja za Kiswahili zilirekodiwa, na data za aina hiyo zikatoa mchango katika uchanganuzi wa lugha kwa kompyuta. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake wa Sweden ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Aliyeona neno *hifadhi* au *faili* kwenye kioo cha kompyuta yake hakuuliza nani aliyelichagua. Kazi ya lugha inapofaulu kabisa, hutumika bila kuonekana.

6.0 Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa inaonesha kwamba mafanikio ya TUKI na TATAKI yalitokana na mgawanyo wa kazi ambao haukuwahi kuandikwa kama sera. Walimu na wanafunzi walijenga majina yao katika uhakiki, utunzi na sarufi, na majina hayo yakaipa taasisi heshima. Wakati huohuo watu walewale, au wenzao wa chumba cha pili, walilitoa jina lao ili kamusi ipate mamlaka ambayo hakuna mtu mmoja angeweza kuipa. Muungano wa 2009 uliondoa ukuta kati ya vyumba hivyo, na kwa kufanya hivyo uliondoa pia kinga iliyokuwa ikiilinda kazi ya kamusi isipimwe kwa kipimo cha tasnifu na makala.

Kutokana na hayo, yapo mambo mawili yaliyo ndani ya uwezo wa taasisi yenyewe. La kwanza ni kuorodhesha, katika kila toleo la kamusi, watu walioshughulikia sehemu zake, wakiwemo wanafunzi, na kuihesabu kazi hiyo katika upandishaji vyeo sawa na machapisho mengine, huku jina la juu ya jalada likibaki la chombo. La pili ni kuifanya tasnifu inayokusanya msamiati iwasilishe pia vidahizo vyake katika hazina ya kamusi, pamoja na majina ya wazungumzaji waliovitoa, endapo wameridhia. Kwa njia hiyo mvuvi aliyemtofautisha *changu* na samaki wengine, mwanafunzi aliyemsikiliza na mwalimu aliyehariri fasili watakuwa katika kumbukumbu moja. Kamusi ya 1939 ilimkumbuka mmoja na kuwasahau wengi. Ile ya 1981 iliwabeba wote kwa herufi nne bila kuwataja. Toleo lijalo linaweza kufanya yote mawili, kubaki la wote na kuwataja.